Mashine ya mjomba ililewa, na mimi ndiye niliyeinywesha!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala mitindo. Nina aibu yangu mwenyewe, nimeamua kuianika hapa ili wewe isikukute.

Mjomba wangu hapa Chato anavua dagaa. Mtumbwi wake unasukumwa na mashine kuukuu, ile ya kuchanganya petroli na oili kwenye dumu moja. Umri wake umenizidi! Nikiwa sina la kuandika, kazi yangu ni kuisafisha na kuijaza mafuta.

Siku hiyo nilinunua petroli ya chupa barabarani. Kuitazama, chini kuna maji. Nikaenda kijiweni kuomba ushauri, mshkaji mmoja akajifanya profesa: "Tia spiriti bwana, inakausha maji yote!" Nikaingia mkenge. Nikamimina chupa mbili kwenye dumu, nikatikisa, mashine ikawaka kama mpya. Nikajiona fundi!

Ikaja mbalamwezi. Mwezi uking'aa, taa za mtumbwini hazivuti dagaa, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Dumu likakaa karibu siku kumi. Giza liliporudi nikaongeza petroli mpya, nikatikisa tena, mjomba na vijana wake wawili wakaondoka. Huko ziwani wakazima mashine, wakawasha taa, wakavua. Saa nane usiku upepo ukaanza. Mjomba anavuta kamba, mashine inakohoa. Anavuta tena, inakimbia dakika chache, kisha kimya. Imenoki!

Mawimbi ya Ziwa Victoria hayana utani. Walipiga makasia mpaka asubuhi, kijana mmoja akichota maji yaliyokuwa yakiingia. Mimi nilikuwa mwaloni tangu alfajiri, mke wa mjomba ameshika kichwa, sina la kumwambia.

"Shikamoo mjomba," nilisema walipofika. Hakuitikia. Tangu nizaliwe hajawahi kuninyima marahaba.

Fundi alipofungua mashine alicheka. "Hii mmeilewesha." Akamimina mafuta ya dumu kwenye chupa nyeupe, akaiacha itulie. Mafuta yakajigawa: juu petroli, chini maji na spiriti. Spiriti ni alkoholi, na alkoholi inapenda maji kuliko inavyopenda petroli. Maji yakizidi, inaiacha petroli na kushuka nayo chini, pale pale bomba linapofyonza. Na oili je? Inabaki juu na petroli! Kwa hiyo pistoni ilikuwa ikikimbia kavu. Kisha akanionyesha mpira wa mafuta: ulikuwa umeanza kulainika. Alkoholi huvimbisha mipira ya kizamani, na hubandua uchafu wa miaka mingi ndani ya tangi, ukaenda kuziba vitundu vya kabureta.

Usidhani ni ujinga wangu peke yangu. Kuna nchi zinachanganya alkoholi kwenye petroli kwa makusudi, tena kisheria. Malawi wanafanya hivyo tangu 1982, kwa alkoholi ya miwa. Jirani zetu Kenya waliuza mchanganyiko huo miaka ya 1980, alkoholi ikitoka Muhoroni, ukasimama 1993. Brazil ndiyo mabingwa: tangu 2003 wanauza magari yanayokunywa petroli, alkoholi au vyote pamoja. Alkoholi si shetani, ila injini lazima iwe imetengenezwa kwa ajili yake. Marekani, petroli nyingi ina alkoholi asilimia 10, lakini ile ya asilimia 15 ni marufuku kwa pikipiki, mashine za boti, jenereta na magari ya kabla ya 2001.

Sasa jiangalie wewe. Pikipiki kuukuu, jenereta ya saluni, pampu ya kutoa maji kwenye maduara ya dhahabu huko Geita, zote ni ndugu za mashine ya mjomba. Sisi ndio tulioanza kuimba neno "kuchakachua" mwaka 2010, mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa kwenye petroli na dizeli mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba. Lakini vinasaba havikulindi na dumu lako mwenyewe!

Basi shika haya ya fundi. Petroli ya chupa iache itulie kwenye chupa nyeupe, uangalie chini. Ukihisi ina alkoholi, weka maji kidogo kwenye chupa, chora mstari yalipofika, ongeza petroli, tikisa, subiri. Maji yakipanda juu ya mstari, alkoholi imo. Mashine ikienda kupumzika, funga mafuta, iache iungurume mpaka ijizimie, kabureta ibaki kavu. Dumu lifunge vizuri. Mpira uliozeeka badilisha. Yakiwemo maji, usitie spiriti: acha yatulie, mimina petroli ya juu, ya chini usiitumie.

Pistoni mpya ilikula hela ya dagaa wa giza zima. Ningeweza kulipa, ningelipa. Juzi nilimwamkia tena mjomba akiwa anatengeneza wavu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Marahaba. Dumu umelitazama?"

Nililitazama mara mbili. Tukutane wiki ijayo!