Nyumba Yao Huelea Juu ya Mto Rhine

Watu wengi huiacha nyumba yao ili wapate kusafiri. Lakini katika mto Rhine, huko Ulaya, wako watu wasafirio pamoja na nyumba yao. Hao ni wenye matishari ya injini yachukuayo shehena, na wengi wao ni Waholanzi. Baba ndiye nahodha, mama hushika usukani kwa zamu, na watoto hulala na kuamka juu ya maji.

Mto huo hutoka katika milima ya Uswisi na kumwagika katika Bahari ya Kaskazini, mwendo wa kilometa 1,230 hivi. Matishari hupanda kutoka bandari ya Rotterdam mpaka mji wa Basel, Uswisi, yapata kilometa 830. Tishari lenye urefu wa meta 110 laweza kupakia tani 3,000 hivi. Vyumba vya kukaa viko nyuma, na madirisha yake yana mapazia na vyungu vya maua. Mahali pa watoto kucheza huzungushiwa ua wa chuma, wasije wakaanguka mtoni. Hata motakaa ya nyumbani husafiri juu ya sitaha.

Safari huanza katika nchi tambarare. Chombo hupita viwanda vya Duisburg, kisha minara miwili ya kanisa kuu la Cologne. Huko Koblenz mto Moselle huingia katika Rhine, na baada ya hapo milima husogea karibu pande zote mbili. Hapo watoto huambiwa wakae ndani, kwa maana mto umekuwa mwembamba, nao mkondo ni mkali.

Penye mwamba wa Lorelei mto hukata kona, na nahodha haoni chombo kijacho mbele yake. Kwa hiyo taa zimewekwa ukingoni kumwonya. Tena iko sheria kwamba chombo kinachopanda ndicho kichaguacho upande wa kupishana, kikionyesha ubao wa buluu. Hata hivyo, mwezi wa Januari 2011 chombo kilichopakia asidi kilipinduka karibu na mahali hapo, na mabaharia wawili wakapotea.

Mbele kidogo ni Kaub. Zamani ngome iliyo katikati ya mto ilikuwa ikitoza ushuru kila chombo. Siku hizi mwenye kutoza ni ukame. Mwezi wa Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub kilishuka hadi sentimeta 25. Hicho si kina chote cha njia ya meli, lakini matishari yalilazimika kupakia sehemu ndogo tu ya shehena yao.

Kati ya Iffezheim na Basel ziko ngazi kumi za maji. Tishari huingia katika chumba cha saruji, milango hufungwa, maji huingizwa, nalo hupanda polepole kama mtu ainuliwaye mabegani. Mama husimama sitahani na kamba mkononi, akiihamisha kutoka kigingi hata kigingi.

Lakini mahali pagumu kuliko Lorelei hapamo katika ramani ya mto. Mtoto mdogo wa Kiholanzi aweza kufundishwa chomboni na wazazi wake, akiletewa masomo na walimu. Akifika miaka saba hivi, imempasa kwenda shule ya nchi kavu. Basi wazazi huchagua moja katika mambo matatu: mama ahamie nchi kavu pamoja naye, au wote waache kazi ya mto, au mtoto apelekwe katika bweni la watoto wa mabaharia, awe akirudi chomboni Jumamosi na Jumapili na siku za likizo.

Wengine huchagua bweni. Ijumaa jioni nahodha hutafuta gati iliyo karibu, motakaa hushushwa, na mama huenda kumchukua mtoto wake. Jumatatu shehena haingoji. Tishari hung'oa nanga, na kitanda kimoja hubaki kimetandikwa, kitupu, mpaka Ijumaa nyingine.