Tumbo la Jumatatu: Hofu ya Watoto Wetu na Namna ya Kuwasaidia

Ndugu mfanyakazi, huenda nawe umepata kuliona jambo hili nyumbani kwako. Jumamosi na Jumapili mtoto anacheza vizuri, anakula, anapiga kelele na wenzake pale kambini. Jumapili jioni ananyamaza. Jumatatu alfajiri, mama anapojifunga kikapu kwenda kuchuma majani, mtoto analia tumbo. Anapelekwa zahanati, anapimwa malaria, haipo. Anapewa dawa ya minyoo. Jumatatu nyingine tumbo limerudi.

Mimi nilikaa na jambo hili karibu mwaka mzima. Binti yangu alikuwa na miaka 8. Nilikuwa zamu ya usiku katika kiwanda cha chai, upande wa kukausha, na nilipofika nyumbani saa 1 asubuhi nikamkuta bado amelala kitandani, niliona ni uvivu wa shule. Nilimchapa. Sifichi jambo hili, kwa sababu najua wengi wetu tumefanya vivyo hivyo. Siku moja muuguzi mzee wa zahanati aliniuliza swali ambalo sikupata kujiuliza: tumbo hili linauma siku gani? Nikahesabu. Siku za likizo ya shule halikuuma hata mara moja.

Watu wengi wakisikia hivyo husema mtoto anadanganya. Hadanganyi. Tumbo linauma kweli, nasi yafaa tuelewe kwa nini. Mwili wa binadamu umeumbwa kujikinga na hatari. Ubongo ukiona hatari, tezi 2 ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, mikono hutoka jasho, na damu huondoka tumboni kwenda kwenye misuli ya miguu na mikono ili mtu aweze kukimbia au kupigana. Tumbo lililonyang'anywa damu hujikunja na kuuma, pengine huleta kichefuchefu au kuhara. Mtu mzima aliyeitwa ofisini kwa meneja bila kuambiwa sababu anaijua hali hii. Tofauti ni kwamba mtu mzima anaweza kusema, "Naogopa." Mtoto hana maneno hayo, kwa hiyo anasema tumbo, au kichwa.

Hofu yenyewe si ugonjwa. Mtoto wa mwaka 1 kumlilia mama anapoondoka ni kawaida, na mtoto wa miaka 4 kuogopa giza ni kawaida. Inakuwa shida pale hofu inapokuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, ikaendelea kwa majuma mengi, na ikamzuia mtoto kusoma, kulala, kula au kucheza. Dalili nyingine ni kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, ndoto mbaya, kumng'ang'ania mzazi, kuuliza jambo moja mara 20, na hasira za ghafla. Hasira hizi hutupoteza sana. Mtoto mkali tunamwita mkorofi, kumbe ana hofu.

Na sababu? Katika maisha yetu ya kambi hazina haja ya kutafutwa mbali. Zamu zinabadilika kila juma na mtoto hajui leo atamkuta nani nyumbani. Mama anatoka kabla ya jua. Chumba ni kimoja, na wazazi wakizungumza usiku juu ya deni la duka au fununu za kupunguza wafanyakazi, mtoto aliyejifunika blanketi anasikia kila neno. Hapa Uganda tuna na jambo letu wenyewe: shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani. Watoto wengi walirudi darasani wakiwa wameshasahau namna ya kukaa mbali na nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya kumtuliza mtoto, uliza kwanza anaogopa nini. Usimwulize kama askari. Mwulize mnapokwenda kuchota maji au mnapomenya ndizi, wakati macho yenu hayatazamani. Mimi nilipouliza hivyo, binti yangu alieleza. Mama yake akitoka saa 11 alfajiri, yeye ndiye aliyemvalisha mdogo wake wa miaka 4 na kumpeleka kwa jirani. Akachelewa shuleni kila Jumatatu, siku ya gwaride, na waliochelewa walichapwa mbele ya shule nzima. Hofu yake ilikuwa na haki. Hakuna majani ya mti wala maneno matamu yanayoponya hofu ya fimbo ambayo bado ipo. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza kwa adabu kwamba Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni. Halikuwa zungumzo jepesi, lakini fimbo ya gwaride ilikoma. Na mtoto akikueleza kwamba kuna mtu mzima anayemshika vibaya, hapo usitafute kumtuliza tu. Mwondoe kwenye hatari hiyo siku ileile na ulipeleke jambo polisi.

Sababu ikishaondolewa, hofu haiondoki pamoja nayo. Mwili umeshajifunza. Hapo ndipo yanapokuja mambo ya nyumbani yasiyohitaji fedha.

La kwanza ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku. Akilala saa 5 usiku kwa sababu redio ya jirani inalia au simu ya baba ina picha, na akaamshwa saa 11, amepata saa 6 tu, na mwili uliokosa usingizi huogopa upesi.

La pili litawaudhi wengine, maana chai ndiyo inayotulisha. Chai ina kafeini, nayo huuchochea moyo na kufukuza usingizi kwa saa nyingi. Mfanyakazi wa zamu anaitaka kwa sababu hiyohiyo. Lakini mtoto mwenye hofu akipewa kikombe cha chai nzito jioni, moyo wake utakwenda mbio kitandani naye atadhani kuna jambo la kuogopa. Tena chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga, na mtoto aliyepungukiwa damu huchoka na moyo wake hudunda ovyo. Mpe uji au maziwa. Mchaichai uliochemshwa bila majani ya chai hauna kafeini, na ni kinywaji kizuri cha jioni. Sisemi unaponya hofu. Nadhani kinachosaidia zaidi ni mzazi kuketi na mtoto mpaka kikombe kimalizike.

Michezo nayo ni dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira na mfano wa hayo. Adrenalini imetengenezwa kwa ajili ya mbio, basi mwache akimbie.

Kisha mfundishe kupumua. Avute hewa kwa pua huku ukihesabu 3, halafu aitoe kwa mdomo polepole kwa hesabu ya 5, kama anayepoza uji wa moto bila kuumwaga. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka ubongoni kushuka kifuani hadi tumboni, na pumzi ndefu ya kutoka huutumia mshipa huo kupunguza mwendo wa moyo. Mfundishe akiwa ametulia. Mtoto anayelia hafundishiki.

Lililo gumu kuliko yote ni hili: usimruhusu akimbie kila anachokiogopa. Akibaki nyumbani Jumatatu atapata nafuu saa ileile, na mwili utajifunza kwamba kubaki ndiko kulikomwokoa. Juma lifuatalo hofu itakuwa kubwa zaidi. Lakini kumburuta kwa nguvu pia si dawa. Mwaka 1924 huko Marekani, mama mmoja mtaalamu, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo aliyeogopa sungura. Alimwekea chakula anachokipenda, sungura akiwa mbali, na kila mara sungura alisogezwa karibu kidogo, mpaka mtoto akaweza kumshika. Waganga wa akili hadi leo hutumia njia hiyo ya hatua ndogondogo pamoja na mazungumzo, nayo ndiyo iliyothibitishwa zaidi kwa watoto.

Sisi tulifanya hivyohivyo. Juma la kwanza nilimfikisha mlangoni mwa darasa. Juma la pili nikaishia kwenye geti, la tatu kwenye mti mkubwa ulioko barabarani. Juma la nne alirudi nyuma, akalia, tukaanza tena kwenye geti. Baada ya miezi 2 alikwenda na watoto wa jirani.

Kuhusu miti shamba niseme wazi. Wazee wetu wana maarifa, wala siwadharau. Lakini dawa iliyochanganywa bila kipimo, au chupa isiyo na jina inayouzwa sokoni, inaweza kuliumiza ini la mtoto. Usimpe pombe alale. Usimpe kidonge cha usingizi cha mtu mzima; vidonge kama daiazepamu huweza kudhoofisha pumzi na kumfanya mtu awe mtumwa wake.

Mpeleke hospitali kama amekonda, kama halali kwa majuma, kama anazimia au kupotewa na fahamu (huenda ni kifafa), au akisema afadhali asingezaliwa. Neno hilo la mwisho lisichukuliwe kuwa la kitoto. Hospitali kuu za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, Kampala, ina wadi ya watoto. Simu 116 ni ya kusaidia watoto, haina malipo, nayo inatumika Uganda, Kenya na Tanzania.

Limebaki la chama. Pendekezo namba 165 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1981, lasema kwamba mahitaji ya wafanyakazi wenye familia yafikiriwe katika kupanga zamu na kazi za usiku inapowezekana. Si sheria inayomfunga mwajiri, lakini ni karatasi nzuri ya kuweka mezani. Tawi letu liliomba mambo 2: orodha ya zamu ibandikwe juma 2 mbele, na mume na mke wasipangwe wote wawili kuwa nje ya nyumba alfajiri. La kwanza tumelipata. La pili meneja amesema atalifikiria, nasi tutamkumbusha kwenye kikao kijacho.