Utalii wa siku moja Kisarawe na Kibaha

Utalii wa Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani, hutegemea wageni wa siku moja kutoka Dar es Salaam: wanafunzi, vikundi vya kanisa na vya maofisini, familia za Jumapili. Kwa kuwa wengi hawalali, fedha zao hupatikana kwenye kiingilio, chakula, nauli na kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Kivutio kikuu ni msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ni mabaki ya misitu ya pwani, na vilima vya Pugu ndiko unakoanzia Mto Msimbazi. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama asiyefikisha gramu 100, asiyepatikana kwingine ila katika misitu michache ya Tanzania. Hutoka usiku tu. Popo wa mapango ya Pugu, yaliyochimbwa kutafuta udongo mweupe wa kaolini, nao huruka jua likizama. Bidhaa bora ya msitu basi huanza kuonekana saa ambayo mteja yuko kwenye daladala akirudi mjini. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya biashara hii, na haimalizwi na mabango.

Historia haina tatizo hilo la saa. Upande wa Ilala, jijini Dar es Salaam, Pugu ni kituo cha hija cha Wakatoliki, penye kumbukumbu ya wamisionari Wabenedikto waliouawa mwaka 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Hapo pia ndipo Julius Nyerere alipofundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya chama cha TANU.

Utamaduni wa Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe, ndio uliotumika kidogo kuliko ulivyostahili. Mwanahiti, kinyago anachopewa mwali akiwa ndani, ana kiwiliwili kama gogo, bila mikono, na kishungi cha nywele kilichogawanyika mara mbili. Vya zamani vimejaa makumbusho ya Ulaya, ilhali mgeni wa Kisarawe mara nyingi huondoka na mihogo na korosho tu.

Kamakura, mji wa kale ulio takriban saa moja kwa treni kutoka Tokyo, nao unaishi kwa wageni wa siku moja. Kumwona Buddha Mkubwa wa shaba hulipwa yeni 300 tu. Fedha za maana hubaki katika maduka na migahawa ya mtaa wa Komachi, ambao mgeni huupita kwa miguu kutoka stesheni kwenda hekalu la Tsurugaoka Hachimangu. Tangu Juni 2024 treni za reli ya kisasa (SGR) nazo husimama Pugu na Soga, wilayani Kibaha. Lakini kutoka stesheni kwenda msituni mgeni hupanda bodaboda au bajaji kwa bei ya kupatana, na njiani hakuna mtaa wa kumshika miguu.

Kibaha ina mteja wa aina nyingine. Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na makubaliano ya mwaka 1963 na nchi za Nordiki, na Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022 kwa vyama sita vya ukombozi kusini mwa Afrika, huleta watu wa kozi na semina. Hawa hulala, na jioni zao hazina ratiba. Kwa waongoza watalii wa Kisarawe, ndio wateja wa karibu zaidi wa matembezi ya usiku.