Je, Wajua? Mkuu wa Polisi Aliyegeuka Meya

Je, wajua kwamba Lee P. Brown, meya wa kwanza mweusi wa Houston, jimbo la Texas, Marekani, alianza kazi akiwa polisi wa kawaida huko San Jose, California, mwaka 1960? Alizaliwa Oklahoma mwaka 1937, na wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani. Huku akivaa sare, aliendelea na masomo hadi akapata shahada ya uzamivu katika taaluma ya uhalifu, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1970.

Mwaka 1982 alikabidhiwa polisi wa Houston, wakati ambapo watu weusi na Walatino wengi wa jiji hilo hawakuwaamini askari hata kidogo. Brown hakuanza kwa kuongeza bunduki. Alifungua vituo vidogo mitaani na kuwataka askari wawajue wakazi na shida zao. Ndiyo hii tuiitayo leo polisi jamii, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, umeya ukiwemo.

Baadaye aliongoza polisi wa New York, lakini mwaka 1992 alijiuzulu ili amuuguze mkewe, Yvonne, aliyefariki mwaka huohuo. Aliingia katika baraza la mawaziri la Rais Clinton kusimamia vita dhidi ya dawa za kulevya, kisha akashinda umeya mwaka 1997. Aliongoza vipindi vitatu vya miaka miwili miwili. Treni ya umeme ya Houston ilianza kubeba abiria Januari 1, 2004, siku moja tu kabla hajakabidhi ofisi.