Musa pia alikuwa na ulimi mzito

Ukiwa na kigugumizi, jina lako mwenyewe laweza kuwa neno gumu kuliko yote. Kwenye matatu unapitishwa steji yako kwa sababu "shukisha" imekataa kutoka. Watu wanacheka.

Hebu fungua Kutoka sura ya 4. Musa, mzee wa miaka 80, anamwambia Mungu wazi kwamba ulimi wake ni mzito, atumwe mtu mwingine. Mungu anakasirika, ndiyo, lakini hatusomi popote pale kwamba ulimi ulinyooshwa. Alichopewa ni Haruni, ndugu yake, awe msemaji wake. Wakaenda kwa Farao wawili.

Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Ulibaki.

Kwa hivyo ukiombewa Jumapili na Jumatatu bado unakwama, usikubali kuambiwa huna imani. (Wapo wahubiri wa kusema hivyo, na wanakosea.) Tafuta Haruni wako, yule rafiki asiyekimbilia kukumalizia sentensi. Na ukiitwa mahojiano ya kazi, anza na hili: "Nina kigugumizi, naomba mnipe muda." Sauti itatetemeka. Sema tu.