Mstari, duara au nyota: Ofisi ndogo ifunge mtandao upi?

OFISI yenye kompyuta kumi na printa moja inaweza kusimama kutwa nzima kwa sababu ya waya mmoja uliochomoka chini ya meza, au isitikisike kabisa. Tofauti haitokani na bei ya kompyuta, bali na namna zilivyounganishwa, mpangilio ambao wataalamu huuita topolojia.

Ethernet, mfumo uliobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs katika kituo cha utafiti cha Xerox nchini Marekani mwaka 1973, ulianza na mpangilio wa mstari, ambapo mashine zote zilitumia kebo moja. Baadaye ikaja kebo nyembamba iliyoruhusu vituo 30 katika urefu wa mita 185. Waya ulihitajika kidogo, lakini kebo ilipokatika popote, wote walipoteza mawasiliano na fundi alilazimika kukagua kiungo kimoja baada ya kingine.

Katika duara, ambalo kampuni ya IBM ililiingiza sokoni miaka ya 1980, kompyuta hupokezana zamu ya kutuma taarifa, hivyo hazigongani. Vifaa vyake vilikuwa ghali, na Ethernet ikalishinda.

Wapo wanaoshauri kila kompyuta iunganishwe moja kwa moja na nyingine zote. Kwa kompyuta kumi hizo, zinatakiwa nyaya 45! Mpangilio huo uachiwe kampuni za simu.

Kwa ofisi ndogo, nyota ndiyo inayofaa. Kila kompyuta huwa na waya wake, usiozidi mita 100, unaokwenda kwenye swichi. Waya ukikatika, anayeathirika ni mmoja tu. Wi-Fi nayo ni nyota, isipokuwa hewa hutumiwa na wote kwa pamoja.

Hata hivyo, swichi ikiharibika, ofisi nzima hunyamaza. Kwa hiyo ni busara kuweka ya akiba kabatini, na iliyopo kuiunganisha na UPS pamoja na ruta. Aidha, swichi ya matundu 16 ni bora kuliko mbili za matundu manane zilizounganishwa, kwani hubakiza nafasi ya kuongeza mashine.

Jambo linalosahaulika ni kuandika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya. Mtu akichomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye swichi ileile ya bei nafuu, taarifa huzunguka bila kikomo na mtandao mzima hukwama, ilhali taa zote zinawaka.