Kila Wimbo Una Mama Yake

Juma hili tunazungumza juu ya nyimbo, na zaidi juu ya habari iliyozaa wimbo. Sisi wote tunaimba. Tunaimba kanisani, tunaimba shambani tukipalilia mihogo, tunaimba kwenye arusi na kwenye kilio. Watoto wetu nao wanaimba nyimbo hizo hizo njiani wakienda shule. Lakini ukimsimamisha mtoto na kumuuliza, "Wimbo huu ulitungwa na nani? Kulitokea nini?" mara nyingi anakuangalia tu. Anajua sauti na maneno. Habari yenyewe haijui.

Siku hizi wanamuziki wanaojitegemea, wale wasio na kampuni kubwa nyuma yao, wana desturi nzuri. Wakitoa albamu mpya wanakaa na watu na kueleza kila wimbo ulizaliwaje: huu ulitungwa wakati wa ugonjwa wa mama, huu baada ya kukimbia kijiji, huu kwa ajili ya rafiki aliyekufa. Msikilizaji akishajua hayo, wimbo unaingia moyoni kwa njia nyingine. Tumeona vema tuwaeleze juu ya wanawake wawili wa namna mbili: wale wa Bukavu, ambao majina yao hatuyataji, na mmoja wa Zanzibar ambaye jina lake linajulikana duniani.

Wasanii wa Panzi

Hospitali ya Panzi tunaijua. Ilianzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 huko Bukavu, na wanawake wengi wa Kivu ya Kusini wamepitia pale. Pengine hatujui wote kwamba Panzi haishughuliki na mwili peke yake. Tangu mwaka 2015 Fondation Panzi inashirikiana na shirika la Kanada linaloitwa Make Music Matter katika kazi ya kuwaponya kwa muziki wanawake waliobakwa na kuteswa vitani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Wanawake wanakaa katika kikundi pamoja na mtu aliyesomea kutunza mioyo yenye majeraha, na pamoja na fundi wa muziki. Kwanza wanaongea. Hakuna anayelazimishwa kusema. Polepole maneno yanapatikana: mmoja anasema neno, mwenzake analiongeza, mwingine anapata sauti ya kuliimbia. Maneno yakikamilika wanaingia studio, wanaimba kwenye mikrofoni, na fundi anaweka magitaa na ngoma. Wimbo ukiwa tayari hauwekwi sandukuni. Unapelekwa redioni, na unaimbwa mbele ya watu wa mtaa.

Kuna jambo moja lililotugusa sana katika habari hiyo. Wanawake hao wakiwa studio wanaitwa wasanii, hawaitwi wagonjwa wala wahanga. Aliyeingia kwa aibu, akificha uso kwa kitenge, anatoka akiwa mtu mwenye kazi yake mkononi. Mwaka 2018 nyimbo zao kadhaa zilitolewa katika albamu yenye jina la Kiingereza ambalo maana yake ni "Mwili wangu si silaha". Ni mwaka huo huo daktari Mukwege alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, mwanamke Myazidi wa Iraki aliyesimulia kwa kinywa chake mwenyewe mambo aliyotendewa.

Kwa nini wimbo unasaidia? Sisi wamama tunajua jibu hata bila kwenda chuo. Mwanamke aliyebakwa anabeba mizigo miwili. Wa kwanza ni kitendo chenyewe. Wa pili ni maneno ya watu: mume anayemfukuza, wakwe wanaomnong'ona, jirani anayehama benchi kanisani. Mzigo wa kwanza daktari anaweza kusaidia. Wa pili unatuliwa tu pale watu wale wale wanaponong'ona wanapoketi, wanasikiliza, na wanaelewa kwamba aibu ni ya aliyetenda. Wimbo unaweza kuwaketisha watu ambao hotuba haiwezi kuwaketisha.

Mfinyanzi wa Fumba

Mtu atasema: hayo ni mambo mapya, ya mashine na ya mashirika. Hapana. Katika lugha hii yetu ya Kiswahili kazi ya kugeuza habari ya kweli kuwa wimbo imekuwapo zamani. Tunakumbuka somo la historia: Kiswahili kilifika kando ya ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani na Zanzibar, ikapita Tabora na Ujiji, ikafika hata Uvira. Misafara hiyo ilileta vitambaa na ushanga. Iliwachukua pia watu wengi, wakapelekwa pwani kuwa watumwa.

Katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike karibu na mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa bara waliofika kisiwani kwa njia ya utumwa: baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Mtoto akaitwa Mtumwa. Wamama, lifikirieni jina hilo kwa mtoto wa kike. Alikua akifinyanga vyungu kama mama yake, akavibeba kwenda kuuza mjini, na sauti yake ya kunadi vyungu ikajulikana kabla watu hawajamjua uso. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akafundishwa kuimba na kupatana na ala, na watu wakaanza kumwita Siti, yaani bibi mheshimiwa. Ndiye Siti binti Saad.

Mwaka 1928 Siti na wanamuziki wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay, India, kurekodi sahani za santuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kabla yake nyimbo za taarabu katika jumba la sultani ziliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, lugha ya wafinyanzi, wapishi na wachukuzi, na watu hao wakanunua sahani zake kwa wingi. Alifariki mwaka 1950, na mwandishi Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake.

Nyimbo zake nyingi zilizaliwa na mambo yaliyotokea mtaani. Katika mtaa wa Ng'ambo, waliokoishi watu wa hali ya chini, habari ya siku ilizungumzwa nyumbani kwake jioni, kisha ikatungiwa wimbo.

Wimbo wa Kijiti

Tuchukue mmoja tu, unaoitwa Kijiti. Habari yake ni hii. Mwanamke mmoja mwenye mimba alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembelea marafiki. Siku moja akatoka na wenyeji wake wa kike kwenda kwenye ngoma, pamoja na wanaume, na pombe ikawapo. Mwanaume mmoja aitwaye Kijiti akambaka na kumuua. Kisha akavuka bahari, akatoroka kwenda bara, na hakuadhibiwa.

Wenyeji wa yule mwanamke walikwenda mahakamani kutoa ushahidi. Jaji wa serikali ya kikoloni akawageukia wao. Akawalaumu kwa habari ya pombe, na wao ndio waliohukumiwa. Mwuaji yuko huru upande wa pili wa bahari. Wanawake waliosema kweli wako jela.

Siti hakuwa na cheo cha kubadilisha hukumu hiyo. Hakusoma shule ya serikali. Alikuwa na sauti, naye akaitumia. Aliimba habari yote: marehemu, mimba yake, jaji, wanawake waliofungwa, na jina la mwuaji. Ndiyo maana leo, karibu miaka 100 baadaye, mwalimu wa Mutarule anaweza kuwaeleza jina la Kijiti, wakati jina la jaji halisemwi tena na watu. Mwaka 2020 kitukuu wa Siti, mwimbaji Siti Muharam wa Zanzibar, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake mkubwa, na Kijiti umo. Msichana wa leo akiusikia na kuuliza "Kijiti ni nani?" kesi inafunguliwa tena.

Tuangalie kwa makini namna Siti alivyofanya, kwa sababu hapa ndipo pana somo letu kubwa. Alimtaja mtu mmoja. Hakuimba kwamba watu wa kabila la Kijiti ni wauaji. Hakuimba kwamba watu wa upande fulani ni wabaya. Alisema nani alitenda, nani aliumia, na nani alihukumu vibaya. Akaishia hapo.

Kwetu Mutarule

Wamama, sisi tuna habari zetu. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 uko mioyoni mwetu. Watu wasiopungua 30 waliuawa hapa kwetu, wengi wao wanawake na watoto, wengine wakiwa katika sala. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikua akisikia nyimbo za kilio bila kuelezwa kilichotokea, au akielezwa kwa vipande, na kila kipande na hasira yake.

Sisi walimu tunaona hatari mbili. Ya kwanza ni kunyamaza. Mtoto asiyeelezwa na mama yake ataelezwa na mtu mwingine, njiani, au kwa sauti zinazotumwa katika simu. Hatari ya pili ni kueleza vibaya. Katika bonde la Ruzizi tunaishi makabila mengi. Tunakutana sokoni Sange, tunakunywa maji ya mto mmoja, tunazikana. Wimbo unaosema "wale wote" ni moto katika nyasi kavu. Mtoto atauimba akiruka kamba, hajui kwamba anafundishwa kumchukia mtoto anayeketi naye benchi moja darasani. Akifika miaka 15 atakuja mtu wa kumpa bunduki, na wimbo utakuwa umeshamwandaa.

Kwa hiyo hatusemi tuache kuimba juu ya maumivu. Tunasema tuimbe kama Siti: mambo yaliyotokea, mtu aliyepotea, upendo wetu kwake, kosa likae kwa mkosaji. Na tufanye kama wasanii wa Panzi: mwenye habari aieleze mwenyewe, kwa kipimo chake, akiwa na wenzake pembeni.

Tufanye nini?

Tunapendekeza kazi ndogo katika vikundi vyetu, hata baada ya kukusanya pesa za likelemba.

Kila mkutano mama mmoja alete wimbo mmoja. Unaweza kuwa wa zamani aliofundishwa na bibi yake, wa kubembeleza mtoto, wa mavuno, wa arusi au wa kilio. Auimbe, kisha aeleze: nani aliutunga, lini, wapi, kulikuwa na nini. Asipojua, akamuulize mzee kabla mzee hajaondoka na jibu.

Anayejua kuandika vizuri aandike katika daftari la kikundi. Kwanza maneno ya wimbo katika lugha yake, Kifuliru, Kivira, Kirundi, Kinyamulenge au Kiswahili. Chini yake habari. Daftari moja la shule linatosha kuanza.

Habari ni mali ya mwenyewe. Akisema "hii msiandike", haiandikwi. Akisema "msitaje jina langu", halitajwi. Mtu asimrekodi mwenzake kwa simu bila ruhusa, na asitume sauti yake WhatsApp hata kama nia ni njema. Mwanamke aliyeponywa kwa wimbo anaweza kuumizwa na wimbo huo huo ukifika mahali ambapo hakutaka ufike.

Mama akianza kulia, tusimwambie anyamaze, na tusimharakishe amalize. Tuketi naye. Kama mzigo ni mkubwa kuliko kikundi, tumsindikize kwenye kituo cha afya. Kikundi kinasikiliza, hakichukui nafasi ya muuguzi.

Mwisho, tuwape watoto. Jioni, baada ya kula, mfundishe mwanao wimbo mmoja pamoja na habari yake, kwa maneno yanayolingana na umri wake. Mtoto wa miaka 6 anatosheka kujua kwamba bibi aliutunga wimbo huu alipompoteza mdogo wake. Wa miaka 12 anaweza kusikia zaidi. Na wote wawili wasikie pia nyimbo za furaha, maana wazee wetu hawakulia tu; walicheka, walioa, walivuna.

Daftari la kwanza tutalianza katika mkutano ujao. Njooni na nyimbo zenu, na mwenye mama mzee nyumbani amlete, hata kama anatembea polepole. Tutamngojea.